Mswada Uliosomewa Fatiha

Siku ile, katika ua wa jirani yangu, mikono yote iliinuliwa kwa fatiha isipokuwa miwili, na hiyo miwili ilikuwa yangu. Niliiweka juu ya magoti nikaiacha hapo. Asidhani mtu kwamba mimi si wa dini. Sala tano sizikosi, na huyo aliyekuwa akiisoma fatiha tulikaa naye mkeka mmoja katika chuo cha Kurani tulipokuwa wadogo. Nilikataa kwa sababu jambo tulilokuwa tukilifunga lilikuwa halijaisha, nami sikuzoea kumshuhudisha Mwenyezi Mungu kwa habari ya kusikia.

Kwetu, kuanzia Msambweni hadi Vanga, fatiha ni kufuli. Posa ikikubaliwa, husomwa fatiha. Ndugu wawili waliogombea mpaka wa shamba wakipatanishwa, husomwa fatiha. Baada ya hapo, anayelirudia neno lile huhesabiwa kuwa hana adabu, na huambiwa maneno matatu tu: tumeshasoma fatiha. Sijapata kuona hoja, hata iwe na nguvu namna gani, iliyoyashinda maneno hayo matatu.

Jambo lililokuwa likifungwa siku hiyo lilikuwa njia. Kutoka nyumba zetu hadi pwani ipo njia ya miguu ambayo babu zetu waliikuta, nasi tukaikuta. Hupita kati ya viwanja viwili, ikishuka polepole hadi kwenye mchanga. Miaka michache iliyopita kiwanja cha upande wa kusini kilipata mwenyewe mpya, nacho cha kaskazini kikapata mwenyewe yule yule. Ukajengwa ukuta mmoja mbele ya vyote viwili, na mahali pa njia pakawekwa lango la chuma lenye mlinzi.

Wengi waliudhika. Aliyeumia hasa ni dada yangu. Dada yangu amenizidi miaka minne, na tangu akiwa msichana kazi yake ni kuchokoa pweza. Maji ya bamvua yakipwa sana, mwamba hubaki wazi, naye huenda na ufito wake na kikapu, akachungulia tundu moja baada ya jingine. Baba alipofariki ni yeye aliyeacha shule ili mimi nisiache. Kila nilichokisoma katika maisha yangu kilitanguliwa na pweza aliyekaushwa juu ya paa la mama. Sasa, kwa kuwa lango limefungwa, humlazimu kuzunguka hadi njia ya upande wa Munje, mwendo wa karibu saa nzima kwa magoti aliyo nayo. Bahari haimngojei mtu. Afikapo mwambani, maji huwa yameshaanza kurudi.

Kwa hiyo bunge la kaunti lilipojadili mswada wa kuziorodhesha na kuzifungua njia zote za zamani ziendazo pwani, kijiji chetu kilitega sikio. Na mwakilishi wetu wa wadi, ambaye niliwahi kumfundisha darasa la saba, alipompigia simu jirani yangu akasema neno moja, "Umepita," kijiji kilipokea habari hiyo kama watu waonapo mwezi wa Idi. Jirani yangu ndiye mwenyekiti wa wazee wa mtaa. Kabla ya adhuhuri mbuzi alikuwa ameshachinjwa.

Nilifika wali ukiwa umeshapakuliwa.

"Umepita wapi?" nilimwuliza.

"Bungeni, Mwalimu. Kwani kuna kwingine?"

"Kuna. Kuna mezani kwa gavana. Mswada si sheria mpaka utiwe saini."

"Gavana naye atakataa watu wasiende pwani? Hata yeye ana miguu."

Watu walicheka. Nilingoja wamalize.

"Saini umeiona?"

Mwenyekiti alitazama huku na huku, akaona ana wasikilizaji. "Jamani, mtu huyu ukimwambia mvua inanyesha, hutaka kwanza uonyeshe cheti."

Walicheka tena, zaidi ya mara ya kwanza, na katikati ya kicheko hicho akaanza kusoma. Upande wa wanawake nilimwona dada yangu ameinua mikono yake miwili, viganja vimepauka kwa chumvi, macho ameyafumba. Jioni alipita mlangoni kwangu asiingie. "Mdogo wangu," alisema akiwa amesimama barazani, "umesoma hata umesahau kusema amina."

Sikumjibu, na ni lazima nieleze kwa nini. Nilipokuwa kijana nikifundisha uraia, nchi ilikuwa na chama kimoja, na somo la jinsi sheria inavyotungwa lilitoshea katika mistari mitatu ubaoni. Mswada hupelekwa bungeni. Wabunge huupitisha. Rais hutia saini. Wanafunzi walinakili, kengele ikalia. Mwaka mmoja msichana mmoja wa dawati la nyuma aliinua mkono akauliza, "Mwalimu, na rais akikataa kutia saini?" Nilimjibu kwa haraka, "Hawezi kukataa. Bunge ni lake." Darasa liliridhika. Mimi mwenyewe niliridhika. Ni baada ya miaka mingi tu nilipotambua kwamba nilikuwa nimelijibu swali bora kuliko yote niliyowahi kuulizwa, na jibu langu lilikuwa maelezo ya ugonjwa, nami nilikuwa nimelitoa kama maelezo ya afya.

Siku hizi katiba ni nyingine. Huko juu, rais akitofautiana na bunge, huurudisha mswada pamoja na sababu zake kwa maandishi. Huku chini, gavana hufanya vivyo hivyo kwa bunge la kaunti. Na katika kipindi ninachokisimulia, gavana alikuwa wa chama kimoja na wawakilishi walio wengi walikuwa wa chama kingine. Mkono mmoja ulishika kalamu na mkono mwingine ulishika karatasi, na mikono hiyo haikuwa ya mtu mmoja. Hilo kijiji hakikulitia maanani. Kwa watu wetu serikali ni moja, na ikishasema ndiyo, imeshasema.

Gavana ana siku kumi na nne. Siku ya kumi na tatu habari zilifika kwamba ameurudisha mswada bila saini.

Kabla ya alasiri nilikuwa nimepewa habari tatu na watu watatu. Wa kwanza alisema gavana ameuchana mswada mbele ya spika. Wa pili alisema gavana amepewa kitu na mwenye ukuta. Wa tatu, ambaye ni fundi wa baiskeli na husema kwa utulivu wa mtu mwenye hakika, alieleza kuwa mwenye ukuta ni gavana mwenyewe. Nilimwuliza kila mmoja swali moja, "Waraka umeuona?" Hapana aliyeuona. Wa tatu aliniuliza, "Waraka gani, Mwalimu?"

Kesho yake nilivaa kanzu yangu ya Ijumaa, ingawa ilikuwa Jumanne, nikapanda mlima hadi Kwale, kwenye ofisi za bunge la kaunti. Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa haujaondoka juu ya mji. Karani wa bunge, kijana mwenye heshima, aliniamkia shikamoo, akaniuliza nimetumwa na nani. Nilimwambia sikutumwa, waraka ni wa umma na mimi ni umma. Alitabasamu, akanitolea nakala. Niliketi kwenye benchi la nje nikausoma.

Waraka ulikuwa wa kurasa nne. Haukuwa umechanwa. Mlikuwa na pingamizi tatu. Mbili za kwanza zilikuwa za maneno tu, za aina ambayo wanasheria huziandika ili waonekane wamesoma. Ya tatu ilihusu kifungu cha tisa. Kifungu hicho kilisema kwamba baada ya njia zote kuorodheshwa, kamati ya wawakilishi wenyewe ndiyo itakayoamua njia ipi ifungwe, na ndiyo itakayotoa vibali kwa mwenye kiwanja anayetaka kufunga. Gavana aliandika kwamba watunga sheria hutunga sheria na kuwasimamia wanaoitekeleza. Wakitoa vibali wao wenyewe, nani atakayewasimamia wao?

Nilikisoma kipande hicho mara tatu nikitafuta njia ya kutokubaliana nacho. Sikuipata. Kwa maneno mengine, waliotuletea mswada wa kufungua njia walikuwa wamejiwekea, katika kifungu cha tisa, ufunguo wa kuzifunga. Na aliyeugundua ufunguo huo ni yule ambaye kijiji kizima kilikuwa kikimlaani.

Karani alinieleza yaliyobaki, nami niliyathibitisha baadaye katika kitabu cha sheria. Bunge lilikuwa na njia mbili. Wakikubali pingamizi za gavana na kuurekebisha mswada ipasavyo, kura za kawaida zingetosha, naye angetia saini. Wakitaka kuupitisha vile vile ulivyokuwa, bila kumsikiliza, zingehitajika theluthi mbili za wawakilishi wote. Jambo lenyewe ni jepesi hivyo. Mtu aliyenyimwa na mwenzake ana hiari mbili tu: amsikilize, au awe na nguvu nyingi za kutosha asimhitaji.

Nilirudi na nakala yangu. Baada ya sala ya alasiri nilibaki barazani pa msikiti, nikawasomea waliokuwapo ukurasa wa tatu wote, neno kwa neno. Nilipomaliza, niliukunja waraka.

"Kwa hiyo sasa Mwalimu ni mtu wa gavana," alisema fundi wa baiskeli.

"Mimi ni mtu wa kifungu cha tisa kifutwe. Kikifutwa, tumepata njia. Tumwandikie mwakilishi wetu barua, tumwambie aende akakubali."

Mwenyekiti alinyoosha mguu wake unaomsumbua. "Mwalimu, hilo limeshakwisha. Tumeshasoma fatiha. Ukitaka kuanza upya, anza peke yako."

"Limekwisha vipi na lango limefungwa?"

"Hilo ni la Mungu na gavana. Sisi letu tulimaliza. Unataka tuifungue fatiha kwa kuwa wewe hukuitikia amina?"

Wakati huo dada yangu alikuwa akipita barabarani na kikapu chake, anarudi kutoka upande wa Munje. Kikapu kilikuwa chepesi. Niliona kwa jinsi kilivyokuwa kikicheza mkononi. Alikuwa amesikia. Alisimama, akaamkia, akaamkiwa.

"Shemeji," alimwambia mwenyekiti, kwa kuwa mke wa mwenyekiti ni binti wa mjomba wetu, "hebu nieleze mimi nisiyesoma. Ile fatiha tuliyosoma kwako ilikuwa ya mswada au ya njia?"

"Ya njia, bila shaka. Mswada ni karatasi."

"Na njia imefunguka?"

Mwenyekiti aliusugua mguu wake.

"Basi hapana kilichofungwa, shemeji. Tulikula mbuzi tu." Aliweka kikapu chini, akaninyooshea kidole gumba. "Leta hiyo barua yako nitie dole."

Barua niliiandika usiku uleule. Asubuhi yake wanawake wote wachokoao pweza walikuja kutia dole gumba. Wanaume walikuja wawili. Mwenyekiti hakuja.

Niliipeleka mwenyewe kwa mwakilishi, ofisini kwake Msambweni. Alisimama nilipoingia, akaniketisha kwenye kiti chake mwenyewe, akaketi kwenye kiti cha wageni, na kwa kitendo hicho tulirudi mara moja darasani. Aliisoma barua yote. Hilo namshukuru.

"Mwalimu, nimeelewa. Tena, kusema kweli, kifungu cha tisa mimi sikukipenda tangu mwanzo."

"Basi kifute."

"Si rahisi hivyo. Tukifuta kwa kuwa yeye amesema, tutaonekana tumepiga magoti."

"Tutaonekana na nani?"

"Na watu."

"Watu hawa," nilimwonyesha madole gumba yaliyojaa chini ya barua, "wanataka kuuona mwamba. Hapana hata mmoja aliyeomba kukuona wewe umesimama wima."

Alicheka kidogo. "Kiongozi wetu wa walio wengi amesema theluthi mbili tunazo. Tutaupitisha kama ulivyo, gavana apende asipende. Tumehesabu."

"Mmehesabu, au mmeambiwa kwamba kumehesabiwa?"

"Mwalimu, wewe bado hujabadilika."

"Wewe ulibadilika lini? Darasa la saba ulikuwa ukikagua hesabu ya mwenzako kabla ya kuinakili."

Alitazama dirishani. Nilimwona kijana yule wa zamani, kisha nikamwona mwanasiasa akimsukuma kando kwa upole. Aliniambia atajaribu. Mtu akikwambia atajaribu, ameshaamua kutofanya, ila anakuheshimu.

Siku ya kura dada yangu alisisitiza kwenda. Alivaa leso mpya na viatu vya mkwe wake. Tuliketi mahali pa wageni, na kwa kuwa hakuwahi kuliona bunge lolote, aliniuliza kwa sauti ya chini kila kitu: yule mwenye joho ni nani, lile rungu la dhahabu ni la kumpigia nani. Nilimjibu. Halafu majadiliano yakaanza, tukanyamaza.

Kwa muda wa saa mbili nilisikia pande zote mbili. Upande wa walio wengi walisema wanawapenda wananchi kuliko gavana anavyowapenda. Upande wa gavana walisema gavana anawapenda wananchi kuliko hao wengi. Kila aliyesimama aliisifu njia ya kwenda pwani. Mmoja alikumbuka alivyokuwa akiogelea utotoni. Mwingine alimtaja mama yake. Kifungu cha tisa kilitajwa mara moja, na aliyekitaja alinyamazishwa kwa kelele za meza. Hapana aliyependekeza kukifuta. Mwakilishi wetu hakusimama. Mara moja tu macho yetu yalikutana, akageuza karatasi zake.

Majina yaliitwa moja moja. Upande wa gavana wote walikataa, pamoja na mama mmoja kutoka wadi ambayo nayo ina ukuta kama wetu. Alisema "La" akiwa ameinamisha kichwa, na sauti yake ikasikika kwa shida. Upande wa pili walikubali. Lakini theluthi mbili haikufika. Zilipungua kura mbili, na viti viwili katika safu ya walio wengi vilikuwa vitupu.

Hadi leo watu husema wenye viti hivyo walinunuliwa. Mimi sisemi, kwa kuwa sikuona. Nilichokiona ni viti vitupu, na juu ya kimoja miwani iliyosahauliwa.

Spika alitangaza kuwa mswada umeanguka, na kwamba kwa kanuni za bunge haungeweza kurudishwa kabla ya miezi sita. Baada ya miezi sita bunge lile lingekuwa limeshafungwa kwa ajili ya uchaguzi. Upande wa gavana walipiga meza kwa furaha. Upande wa walio wengi walitoka wakisema na waandishi wa habari kwamba gavana ameua njia za wananchi, na nyuso zao, nathubutu kusema kwa kuwa hizo niliziona, hazikuwa za waliofiwa. Kila upande ulikuwa umepata ulichokuja kukitafuta.

Nje, dada yangu alivua vile viatu akavishika mkononi.

"Wameikataa njia?"

"La. Hapana hata mmoja aliyeikataa. Wote wameipenda."

Alitembea hatua kadhaa. "Wote wameipenda, na haipo."

"Ndiyo."

"Basi nyinyi mliosoma mna kazi."

Habari ilipofika kijijini, mwenyekiti alisema jambo ambalo nimelisikia tangu hapo kwa watu wengi, hata wenye shahada. Alisema dawa ni kumpa mtu mmoja vyote viwili, kiti cha gavana na bunge, ili mambo yaende. Nilimjibu mbele za watu, na sikupunguza neno. Nilimwambia kwamba mimi nimeishi zama hizo, na wala sikusimuliwa. Nimezifundisha, mistari mitatu ubaoni. Mambo yalikwenda, tena yalikwenda mbio. Lau zama hizo mwenye ukuta angekuwa rafiki wa mkubwa, kifungu cha tisa kingepita asubuhi, kikatiwa saini adhuhuri, na mimi nisingepewa nakala ya kitu chochote kwenye benchi lolote. Katika mgawanyiko huu angalau ulipatikana ukurasa wa tatu. Mtu mmoja alilazimika kuuandika ukweli kwa sababu tu ulimfaa kumpinga mwenzake. Sikatai kwamba walituangusha. Nakataa kwamba walituangusha kwa kuwa wawili. Walituangusha kwa kuwa hawakusoma walichokuwa wakigombea.

"Sasa utafanya nini, Mwalimu?" aliuliza fundi wa baiskeli, na safari hii hakuwa akinidhihaki.

Nilichofanya ni hiki, na nakifanya bado. Nimeuandika mswada upya kwa mkono wangu, bila kifungu cha tisa, nami nitauwasilisha kama ombi kwa bunge lijalo siku ya kwanza litakapokaa, hata walio wengi wawe wa nani na kalamu ishikwe na nani. Na ili mtu asije siku moja kusema kwamba njia hiyo iliachwa kwa hiari, kwamba wenyeji walikoma kuitaka, kila bamvua mimi na dada yangu huenda langoni saa tatu asubuhi kuomba kupita. Nimesoma vya kutosha kujua kwamba kimya cha mtu huweza kuandikwa kuwa ni ridhaa. Changu hakitaandikwa.

Mlinzi ni kijana kutoka bara, mpole, Kiswahili chake kimechanganyika na kila kitu.

"Mzee, si nilikuambia last time? Boss amekataa. Mimi niko kazi tu."

"Najua, mwanangu. Sikugombezi. Nataka unijibu tu, niandike. Tunaomba kupita kwenda pwani kwa njia yetu. Unaturuhusu?"

"Siwezi, mzee."

"Ahsante." Huandika tarehe, saa, swali na jibu. Jina lake siliandiki, kwa kuwa kosa si lake. Dada yangu hutia dole gumba. Kisha hugeuka, akashika ufito wake, akaanza mwendo wa kuzunguka kwenda Munje, huku maji ng'ambo ya ukuta yakiendelea kupwa, nasi tukiyasikia.

Bamvua iliyopita tulimkuta mwenyekiti ametutangulia. Alikuwa ameegemea ukuta kwa sababu ya mguu wake. Tuliamkiana. Aliomba kuliona daftari langu, akalifungua kuanzia mwanzo, akapitia kurasa zote bila haraka. Nilijua kwamba alikuwa akitafuta neno la uvumi asilipate.

"Nilitaka nisome fatiha hapa," alisema hatimaye, "nitengeneze ile."

"Isome ng'ambo ya lango, shemeji," alisema dada yangu. "Siku hiyo hata huyu ataitikia amina."

Mwenyekiti alinitazama. "Utaitikia?"

"Nikiwa nimesimama mchangani," nilisema, "nitaitikia kwa sauti."

Alichukua kalamu mkononi mwangu, akaandika jina lake chini ya dole la dada yangu, kwa hati nzuri ya chuoni ambayo nilikuwa nimesahau kwamba anayo. Kisha yeye mwenyewe alimgeukia mlinzi, akauliza swali letu, nami nikaliandika jibu.